Shomoro Aliyeitwa Mgeni

Historia ya leo ni ya ndege mdogo tu, shomoro.

Kule New York, mwezi wa kumi majani yakianza kupukutika, watu hukusanyika kwenye bustani za jamii na darubini zao. Bustani hizi nyingi zilikuwa viwanja vilivyotelekezwa. Mwaka 1973 Liz Christy na wenzake walisafisha kimoja kilichojaa takataka, kona ya Bowery na Houston, wakapanda mboga na maua. Watu wanatembea polepole, mmoja akiona kitu kichakani wote wanasimama. Msimu huo shomoro wenye koo jeupe wanashuka kutoka Canada kukimbia baridi, wanatua hapo kula mbegu za majani makavu yaliyoachwa bila kung'olewa.

Lakini kwenye uzio huohuo kuna shomoro wa nyumbani. Huyu hahami. Na huyu ndiye mwenye kesi.

Zamani hakuwepo Marekani. Mwaka 1851 watu wa Brooklyn waliwaachia wa kwanza, walioletwa kutoka Uingereza. Kwa nini? Viwavi walikuwa wanamaliza majani ya miti ya mjini, wakategemea ndege hawa watawala. Miji mingine nayo ikaleta wake. Kumbe shomoro mzima anapenda zaidi nafaka. Wadudu huwapelekea hasa makinda. Wakazaana, wakafika mashambani.

Miaka ya 1870 wataalamu wakagombana. Thomas Brewer wa Boston aliwatetea, Elliott Coues akataka wapunguzwe kwa kuuawa. Wapo waliomsema ndege huyu kwa maneno yaleyale waliyowasema wahamiaji: mgeni, mchafu, anazaa mno. Mwaka 1889 serikali ikatoa kitabu kizima cha kueleza hasara zake. Sheria ya 1918 inalinda ndege wengi wa kule, wakiwemo wale wa koo jeupe, lakini yeye mpaka leo hayumo.

Tuseme ukweli, makosa anayo. Anawanyang'anya ndege wengine viota, hata kuwaua. Ila katika kelele zote hizo sentensi moja ilisahaulika haraka: sisi ndio tuliomleta, tulikuwa na shida naye.

Mimi sisemi mtu ni ndege, na sisi hatukuletwa na mtu kula viwavi. Tulikimbia. Lakini hapa kambini nani hajasikia eti tumekuja kumaliza kuni na maji? Hesabu inaanzia kwenye kuni. Haianzii kwenye bunduki zilizotutoa nyumbani.

Ndiyo maana napenda hao watu wa bustanini. Yule wa Canada na yule wa uzioni, wote wanawaandika kwenye daftari moja, kila mmoja kwa jina lake. Na sisi tuandike yetu hivyohivyo, tuanzie mwanzo, kabla wengine hawajatuandikia kuanzia katikati.