Majaribio ya vipimo vya video

Majaribio ya vipimo vya video ni kazi ya kuhakikisha, kabla ya video kutolewa, kwamba itaonekana sawasawa kwenye mtandao wa kijamii uliokusudiwa. Kinachopimwa kwanza ni uwiano, yaani upana ukilinganishwa na kimo: 16:9 kwa video ya mlalo, 9:16 kwa video ya wima, 1:1 kwa mraba. Baada ya hapo hupimwa idadi ya pikseli, muundo wa faili na idadi ya fremu kwa sekunde.

Viwango hivi vya uwiano havikutokana na umbile la jicho. Uwiano wa zamani wa 4:3 ulianzia katika maabara ya Thomas Edison mwanzoni mwa miaka ya 1890, pale William Dickson alipoamua kila picha ienee kwenye matundu manne ya filamu ya milimita 35. Televisheni ikaurithi, na ya Zanzibar, iliyoanza kurusha matangazo ya rangi katika miaka ya 1970, ilikuwa na umbo hilohilo. Katika miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani, Kerns Powers, alichora mistatili ya viwango vyote vya uwiano vilivyokuwa vikitumika, yote ikiwa na eneo sawa, akaipandanisha katikati. Umbo la 16:9 likawa ndilo linaloyakubali yote bila kulipendelea lolote. YouTube ilianza mwaka 2005 na kidirisha cha 4:3, ikahamia 16:9 mwishoni mwa 2008. Instagram ilipoanza kupokea video mwaka 2013 ilikubali mraba tu, ikalegeza sharti hilo mwaka 2015. Leo TikTok, Reels ya Instagram na Shorts ya YouTube zimejengwa juu ya 9:16, kwa kawaida pikseli 1080 kwa 1920.

Gharama ya kukosea uwiano ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Video ya mlalo ya 16:9 ikitazamwa kwenye simu iliyosimamishwa wima, kwenye kioo cha 9:16, hujaza chini ya theluthi moja ya kioo. Hata aliyepatia uwiano hajasalimika, kwa kuwa simu nyingi za sasa zina vioo virefu zaidi, kama 20:9. Mtandao ukiikuza video ya 9:16 ijaze kioo cha namna hiyo, sehemu moja ya kumi ya upana hupotea kila upande. Jina la mgeni anayehojiwa lililoandikwa pembeni kabisa hukatwa, na mhariri aliyetazama kwenye kompyuta peke yake hatajua.

Ndiyo maana jaribio la kweli hufanywa kwa picha maalumu ya majaribio, mbinu ambayo vituo vya televisheni vimeitumia kwa miongo mingi. Picha hiyo huwa na duara katikati, mstari mwembamba wa rangi kali kwenye kingo zote nne, na viraba vyenye namba vilivyoenea uso mzima. Duara likionekana kama yai, picha imevutwa. Mstari wa ukingoni ukipotea, picha imekatwa. Viraba ndivyo vyenye faida kubwa kuliko vyote: mtu hupandisha video kwenye akaunti ya faragha, anaifungua kwenye simu, anapiga picha ya kioo, kisha anasoma ni namba zipi zimefunikwa na vitufe vya kupenda na kutoa maoni upande wa kulia, jina la akaunti na maelezo chini, na vichupo juu. Zilizobaki wazi ndizo nafasi salama ya kuweka maandishi. Kwa kuwa mitandao hubadilisha mpangilio wa vitufe bila taarifa, ramani ya nafasi salama ya mwaka jana haifai kuaminiwa. Programu ya bure ya FFmpeg huweza kutengeneza picha za majaribio, pamoja na mlio wa kupimia kama sauti na picha vinakwenda sambamba.

Kuhusu faili lenyewe, chaguo lisilo na matata ni MP4 yenye picha za H.264, kodeki (kanuni ya kubana video) iliyosanifishwa mwaka 2003, na sauti ya AAC. Upana na kimo viwe namba shufwa, kwa sababu rangi kwa kawaida huhifadhiwa mara moja kwa kila kundi la pikseli nne, mbili kwa mbili. Mtandao hauonyeshi faili ulilolipandisha: hulibana upya na kutengeneza nakala kadhaa, na nakala bora inaweza kuchelewa kuonekana. Atakayehukumu ubora dakika ya kwanza huenda akalaumu video isiyo na hatia.

Hapa ndipo desturi moja ya Afrika Mashariki inapoumiza kazi nzuri. Mpiga video humtumia mhariri picha kwa WhatsApp kama video ya kawaida, programu inaibana ili kuokoa bando, kisha mhariri anaipandisha TikTok ambako inabanwa tena. Nyuso hugeuka ukungu, na lawama huangukia kamera. Faili likitumwa kama dokumenti, hufika lilivyo.

Idadi ya fremu nayo ina mtego wake. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, lakini umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ikifungua kwa 1/60 ya sekunde, muda unaoendana na fremu 30, mistari ya giza hupanda na kushuka kwenye picha. Ikifungua kwa 1/50 au 1/100, hutulia. Kasoro hii haitokei katika picha iliyotengenezwa na kompyuta. Kwa hiyo jaribio kamili huongezewa sekunde chache za video halisi, iliyopigwa chini ya taa zilezile zitakazowaka siku ya kurekodi.