Chini ya Rangi ya Kijani

Mwaka 1963 kiwanda cha John Deere mjini Horicon, jimbo la Wisconsin, Marekani, kilitoa trekta ambalo mkulima wa kweli angelicheka. Lilipewa namba 110. Injini yake ya Kohler ilikuwa na silinda moja na nguvu za farasi 7, basi. Lakini halikuwa la shamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa sheria ya mwaka 1944, askari waliorudi walipata mikopo nafuu ya nyumba, na watu kwa maelfu wakahamia pembezoni mwa miji, kila mmoja na uwanja wake wa nyasi. Sisi huku tungeshika fyekeo, jasho likatutoka, kazi ikaisha. Wao wakataka kukata nyasi wameketi. International Harvester walishaliona hilo mapema. Cub Cadet yao ilikuwa sokoni tayari.

Wanunuzi wakawa watu wa ofisini, na hapo ndipo kampuni ikapata wazo la ajabu. Kati ya 1969 na 1971 John Deere waliuza matrekta ya bustani yenye mwili mweupe, boneti na kiti vikiwa vya rangi aliyoichagua mteja: manjano, nyekundu, chungwa au buluu. Yaani trekta lifanane na viti vya barazani! Wateja wengi wakagoma. Walitaka kijani kilekile, nadhani kwa sababu kijani ndicho kilichowafanya wajione wakulima japo mikono yao ilikuwa laini. Mengine yakaishia kupakwa kijani juu kwa juu, na jaribio likafa.

Sasa mchukue mtu anayelikuta trekta kama hilo leo, limeoza nyuma ya banda. Kulifufua nyumbani si miujiza. Pistoni iliyoganda humwagiwa mafuta kupitia tundu la plagi, ikaachwa siku kadhaa, kisha injini ikazungushwa kwa mkono, taratibu. Platini husuguliwa kwa msasa laini. Kabureta hufunguliwa, na petroli ya zamani iliyogeuka gundi ikaoshwa. Hakuna kompyuta hapo, bwana. Fundi yeyote wa mtaani angeliweza.

Balaa ni rangi. Mwenye haraka huparua yote mpaka chuma kitupu, akapuliza kijani kipya, majirani wakasifu. Kumbe chini ya kijani cha zamani kulikuwa na chungwa, na ule ugomvi wote wa mteja na kiwanda sasa ni vumbi sakafuni. Mimi nasema huyo hajafufua kitu. Ametengeneza trekta jipya akalipachika umri.

Utanibishia: chuma kisichopakwa huliwa na kutu. Kweli kabisa. Ndiyo maana wenye subira huanza ndani ya boneti na chini ya kiti, pembe ambazo mpakaji wa pili mara nyingi hakuzifikia vizuri. Wanalowesha msasa maji, wanasugua eneo la ukubwa wa sarafu, tabaka kwa tabaka, hadi pete zitokee: kijani, chungwa, kisha rangi ya msingi. (Mwandishi wa riwaya angelipa pesa apate mhusika wa namna hiyo.) Wanapiga picha, wanaandika. Ndipo wanaamua wapake rangi ipi. Na hata wakichagua kijani, wengine hukiacha kile kiduara kama kilivyo, wakakipaka vanishi tu kutu isiingie.