Safu ya Lugha: Tumaini, taraja, tamaa
Neno "tumaini" lina asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya utulivu wa moyo. Mvuvi wa Mayungu au Ngomeni, bahari ikichafuka wakati wa kusi na mashua imelala ufuoni, huziba nyavu zilizotatuka akitumaini: dalili hana, ila moyo umetulia. Kaskazi ikikaribia, hapo hutaraji, maana msimu huo unajulikana. Kuandika "matarajio" pasipo dalili yoyote ni kosa, na siku hizi limezagaa. "Tamaa" nayo imeharibiwa jina. Wengi huijua kwa uroho tu, ilhali "kukata tamaa" kumehifadhi maana ya matumaini. Anayetaka kumsifu mvuvi huyo aseme hajakata tamaa. Akisema ana tamaa, amemtukana.