Lawama ya Mshambuliaji: Historia ya Uchambuzi wa Soka Kibondo na Kasulu

Katika miji ya Kibondo na Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mechi ya mpira wa miguu haimalizwi na filimbi ya mwisho, kwa maana timu inapofungwa huanza kikao kingine, cha mashabiki, kinachotafuta chanzo cha kushindwa, na ambacho mara nyingi huishia kwa watu walewale: wachezaji wa mbele. Hata pale ambapo mabeki wamezembea waziwazi, swali linalotangulia ni kwa nini timu haikufunga, ni nani aliyepoteza nafasi, na kwa nini kocha aliendelea kumwamini. Desturi hii ina historia, na historia hiyo haiwezi kuelezwa kwa kuutazama uwanja peke yake, kwa sababu inafungamana na namna watu wa Buha, nchi ya Waha iliyo kwenye nyanda hizo, walivyoupokea mchezo wenyewe: mwanzoni kwa macho ya wasafiri wa kazi, baadaye kwa masikio kupitia redio, na hatimaye kwa macho tena mbele ya skrini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba njia ya kuupokea mchezo ndiyo iliyoamua nani abebe lawama, na kwamba mshambuliaji alihukumiwa kwa miaka mingi na watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza.

Buha iligawanyika katika himaya kadhaa, miongoni mwake Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko, na wakati wa ukoloni ilifanywa kuwa ghala la nguvukazi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika miongo iliyofuata vijana wa Kiha walipelekwa kwa wingi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakiwa manamba, yaani vibarua walioandikishwa kwa mkataba na kutambuliwa kwa namba. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya ilishikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoshughulikia uandikishaji. Wakati vijana hao wanakwenda pwani, klabu mbili zilizokuja kuigawa nchi zilikuwa zimekwisha kuzaliwa Dar es Salaam, Yanga mwaka 1935 na mwaka uliofuata klabu iliyojulikana baadaye kama Sunderland, ambayo ilichukua jina la Simba mwaka 1971. Ni vigumu kuueleza ushabiki wa vijiji vya mbali kama hivi, ambavyo havikuwa na njia ya kuziona klabu hizo zikicheza, bila kuihesabu safari ya manamba pamoja na viwanja vya shule za misheni. Mtu aliyerejea kijijini baada ya mkataba hakuleta mpira wenyewe tu. Alileta pia mamlaka ya kuuzungumzia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona.

Mchezo uliozungumzwa wakati huo ulikuwa mchezo wa washambuliaji. Mpango uliotawala ulikuwa wa mabeki wawili, viungo watatu na wachezaji watano wa mbele: winga wa kulia aliyevaa namba saba, insaidi wake namba nane, senta fowadi namba tisa, insaidi wa kushoto namba kumi na winga wa kushoto namba kumi na moja. Insaidi alikuwa mchezaji aliyesimama kati ya winga na senta fowadi, akiwa na kazi ya kuuchukua mpira kutoka kwa viungo na kuupeleka mbele. Timu iliyoweka watu watano mbele na isifunge ilikuwa na haki ya kuulizwa, na aliyeulizwa kwanza alikuwa namba tisa. Mipango ya uchezaji ilibadilika sana baada ya hapo, na wachezaji wa mbele wakapungua hadi watatu, wawili na hata mmoja, lakini hukumu haikupungua kwa uwiano huo; lawama iliyogawanywa kwa watu watano ilirundikwa hatimaye juu ya kichwa kimoja.

Redio ndiyo iliyoikomaza desturi hii. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, mwaka uleule ligi ya taifa ilipoanza na Sunderland kuwa bingwa wa kwanza, ilizipeleka mechi kubwa mpaka vijiji ambavyo vilikuwa vikiundwa upya wakati wa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Redio moja yenye betri nzuri ilitosha kukusanya watu wengi, na watangazaji kama Ahmed Jongo wakawa ndio macho yao. Hata hivyo sauti ya mtangazaji, hata akiwa na kipaji kikubwa namna gani, haiwezi kuwataja watu ishirini na wawili kwa wakati mmoja. Humtaja mwenye mpira, huinuka mpira unapolikaribia goli, na hufikia kilele pale mpira unapotinga wavuni au unapopaa juu ya mwamba. Msikilizaji wa Kibondo hakuweza kujua kwamba kiungo alikuwa ametoa pasi kwa kuchelewa, kwamba winga alikuwa amekimbilia eneo ambalo tayari lilikuwa na mwenzake, au kwamba beki wa pembeni hakupanda hata mara moja kusaidia mashambulizi. Alichojua ni jina la mwisho kutajwa kabla ya kelele za masikitiko, na jina hilo ndilo alilokwenda nalo shambani asubuhi iliyofuata.

Njia hiyo hiyo ilijenga sifa pia. Tarehe 10 Agosti 1974, kwenye uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Simba iliongoza dhidi ya Yanga kwa goli la Adam Sabu tangu mapema na ikalilinda hadi dakika za mwisho, Gibson Sembuli aliposawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara aliifungia Yanga goli la ushindi. Manara ni wa ukoo wenye asili ya Ujiji, na kaka yake Kitwana Manara alikuwa amewahi kusimama golini kabla ya kugeuka kuwa mshambuliaji, jambo linaloonyesha jinsi wachezaji wa kipindi hicho walivyoweza kuvuka mipaka ya namba zao. Kwa mashabiki wa Yanga wa mkoa mzima goli la Nyamagana lilikuwa la nyumbani, ilhali kwa wale wa Simba kikao cha baada ya mechi kilipaswa kujibu swali gumu zaidi: timu iliyofunga mapema inawezaje kushindwa kuongeza la pili? Miaka mitatu baadaye, Julai 1977, majibu yalitoka upande wa pili kwa kishindo, Simba ilipoifunga Yanga magoli sita kwa bila, matatu kati yake yakifungwa na Abdallah Kibadeni.

Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 1980 nchini Nigeria yalikipa kikao hicho mada ya kitaifa. Tanzania ilikuwa imefuzu kwa kuitoa Zambia, kwa goli la Peter Tino mjini Ndola mwaka 1979, na matumaini yalikuwa makubwa. Kule Nigeria Taifa Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji, goli lake likifungwa na Juma Mkambi, ikafungwa 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, magoli yake ya mechi hizo mbili yakifungwa na Thuweni Ally. Timu iliyofunga katika kila mechi ilirudi nyumbani bila ushindi, na huo ungepaswa kuwa ushahidi wa kutosha kwamba tatizo halikuwa mbele peke yake. Magoli matatu katika mechi tatu dhidi ya wapinzani wa kiwango kile hayakuwa haba, na timu zilizofuata za taifa zimelithibitisha hilo kwa namna ya kusikitisha.

Mwaka 1993 desturi hii ilikutana na msiba mkubwa. Tarehe 21 Oktoba Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na katika wiki zilizofuata mamia ya maelfu ya Warundi walivuka mpaka kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Novemba hiyohiyo Simba ilikuwa inacheza fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Baada ya sare ya bila magoli ugenini, nchi nzima iliamini kombe limefika, kwa kuwa lililohitajika Dar es Salaam lilikuwa ushindi wa aina yoyote. Badala yake Simba, chini ya kocha Kibadeni, mfungaji wa magoli matatu ya mwaka 1977, ilifungwa 2-0. Dakika mia moja na themanini bila goli hata moja, katika fainali, ni jeraha ambalo wazee wa Simba hulitaja mpaka leo. Kwenye nyanda za juu wiki hizohizo zilikuwa za kugawa chakula na kutafuta mahali pa kulala wageni, na mtu anayeandika historia ya burudani hana budi kukumbuka kwamba wasikilizaji wa fainali ile walikuwa wamezungukwa na watu waliopoteza kila kitu.

Wakimbizi hao, pamoja na Wakongo waliopewa kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, waliubadilisha mjadala wenyewe. Kirundi na Kiha ni lugha zinazosikilizana, hivyo mazungumzo ya mpira kati ya mwenyeji na mgeni hayakuhitaji mkalimani, na viwanja vya kambi za Mtabila, Kanembwa, Nduta na Mtendeli vikawa mahali ambapo soka ya Bujumbura na ya Kongo ilijadiliwa sambamba na ya Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga jijini Dar es Salaam. Mrundi Amissi Tambwe alipoibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa na Simba msimu wa 2013/14, kisha tena akiwa na Yanga msimu wa 2015/16, alipewa kwenye nyanda hizi heshima ambayo washambuliaji wengi wazawa hawakuipata.

Mchango wa vyuo haupaswi kusahauliwa. Kasulu ina vyuo viwili vya ualimu vinavyojulikana, cha Kasulu na cha Kabanga, na timu za vyuo vya aina hiyo hukutana katika michezo ya UMISAVUTA, umoja wa michezo na sanaa wa vyuo vya ualimu nchini. Mwalimu mwanafunzi aliyejifunza kupanga mazoezi ya ufundishaji alikuwa pia ndiye winga au kiungo wa chuo, na timu ilipofungwa hakuweza kumtupia lawama mtu wa mbali, kwa sababu mshambuliaji aliyekosa goli alilala bweni lilelile. Katika mazingira hayo uchambuzi ulilazimika kuwa wa haki zaidi: kuuliza mpira ulimfikiaje, akiwa ametazama wapi, na nani alikuwa karibu naye. Walimu hao walipopangiwa shule za vijijini waliandaa timu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na za shule za msingi. Wazo kwamba ushambuliaji ni kazi ya timu nzima lilifika vijijini kupitia kwao kabla halijafika kupitia televisheni.

Televisheni ilichelewa, kwani miji hii ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa. Hata hivyo palizuka vibanda umiza, yaani vyumba vya kulipia kiingilio ambamo watu hubanana kwenye mabenchi kutazama mechi, na kuanzia mwaka 2013 Azam TV ilipoanza kurusha Ligi Kuu, shabiki wa Kibondo aliweza kumwona mshambuliaji wake karibu kila wiki. Marudio ya picha yalifanya kile ambacho redio haikuweza: yalionyesha pasi iliyotangulia kosa, krosi iliyopigwa nyuma ya mgongo wa mmaliziaji, na nafasi kubwa iliyoachwa wazi katikati ya uwanja. Msamiati ukapanuka, na watu wakaanza kuzungumzia kiungo mchezeshaji na pasi ya mwisho kwa uhakika wa watu walioviona.

Kisha soka kubwa ikaujia mkoa wenyewe. Desemba 2018 Mashujaa ya Kigoma, ikiwa nje ya Ligi Kuu, iliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa kuifunga 3-2 Dar es Salaam. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya kombe hilohilo ilichezwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, kati ya Simba na Yanga, na kwa mara hiyo moja watu wa Kasulu na Kibondo walikuwa na mechi kubwa kuliko zote nchini ndani ya mkoa wao, ingawa kutoka Kibondo safari inazidi kilomita 200. Yanga ilibaki na wachezaji kumi kabla ya mapumziko, Mukoko Tonombe alipotolewa kwa kadi nyekundu, na zikiwa zimesalia kama dakika kumi Taddeo Lwanga akaifungia Simba goli pekee kwa kichwa kutokana na mpira wa kona. Lwanga ni kiungo mkabaji. Wiki tatu kabla yake, tarehe 3 Julai, Yanga ilikuwa imeifunga Simba 1-0 kwenye ligi, na mfungaji siku hiyo alikuwa Zawadi Mauya, naye kiungo mkabaji. Mechi mbili za watani ziliamuliwa na watu ambao kazi yao ni kuzuia, huku washambuliaji wa pande zote wakitoka mikono mitupu, na hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa jinsi mabeki wanaojipanga vizuri wanavyoweza kuinyamazisha safu ya mbele bila washambuliaji wenyewe kuwa wabovu.

Uongozi wa Yanga ulilijibu swali la nani afunge magoli kwa usajili. Ulimleta Fiston Mayele kutoka Kongo, timu ikachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Mayele akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa magoli saba. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini. Tofauti na klabu, Taifa Stars haina soko la kununua namba tisa. Ilifunga magoli matatu katika Mataifa ya Afrika mwaka 1980, mawili katika fainali za mwaka 2019 nchini Misri, na moja tu katika fainali zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024, goli la Simon Msuva dhidi ya Zambia. Mwaka huo wa 2024 Mashujaa ilikuwa tayari Ligi Kuu, na Aprili iliitoa tena Simba kwenye Kombe la Shirikisho la nchini, kwa penalti, mjini Kigoma, na kwa mara nyingine wachambuzi wa Kasulu na Kibondo wakagawanyika kati ya waliolaumu ubutu wa safu ya mbele ya Simba na waliosema kwamba ukuta wa Mashujaa ulistahili kutajwa kwanza.