Printa ya USB inapogoma kompyuta ya Linux ikiwashwa

Kwa mwenye duka la uchapishaji Kahawa Sukari, mtaa ulio karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, printa inayogoma asubuhi humnyima mapato na kumchelewesha mwanafunzi anayepaswa kuwasilisha tasnifu. Hata hivyo, si kila mgomo ni dalili ya kuharibika.

Katika Linux, uchapishaji husimamiwa na programu ya CUPS, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1999. Stima ikipotea au kompyuta ikiwaka kabla ya printa, CUPS huenda ikaikosa na kusimamisha foleni. Foleni hiyo inaweza kubaki imefungwa hata baada ya kuwasha kompyuta upya.

Washa printa, kisha uandike amri lsusb. Isipoorodheshwa, kagua waya au ubadilishe tundu. Ikiorodheshwa, andika lpstat -p. Ukiona neno “disabled”, foleni imesimamishwa: ifungue kwa sudo cupsenable, ukifuatisha jina la foleni. Iwapo CUPS yenyewe haikuanza, matoleo mengi ya sasa huhitaji sudo systemctl restart cups.

Hatua hizo hazigharimu chochote, na zafaa kutangulia safari ya kwa fundi.