Ngoma za Gishora, Makaburi ya Buta

Wasafiri waendao Kamboja huonyeshwa mambo mawili ambayo akili hukataa kuyaweka pamoja. Kwanza ni mahekalu ya Angkor, kazi ya wafalme wa Wakhmer. Lile kubwa kuliko yote ni la karne ya 12. Kisha, mjini Phnom Penh, ni Tuol Sleng, shule ya sekondari ambayo utawala wa Khmer Rouge uliigeuza gereza la mateso kati ya 1975 na 1979.

Ndugu vijana, sisi wa Uvira hatuhitaji ndege. Ukivuka mpaka pale Kavimvira, Burundi ina safari ya namna hiyohiyo.

Fahari iko Gishora, kilomita chache kutoka Gitega. Mapokeo yasema kwamba Mwami Mwezi Gisabo alipaanzisha baada ya kumshinda chifu Ntibirangwa, aliyekuwa amemwasi. Hapo, kati ya nyumba za nyasi, hutunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Ngoma hazikuwa burudani. Zilitangaza kutawazwa kwa mwami na kufungua majira ya kupanda mtama. Hata neno lenyewe, ingoma, kwa Kirundi lamaanisha ngoma na ufalme pia. Na walinzi wa ngoma hizo za Baganwa walikuwa wa familia za Kihutu. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wapo wanaotuambia kwamba Warundi wamechukiana tangu dunia kuumbwa. Gishora yawakanusha. UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme mwaka 2014, miaka 48 baada ya ufalme wenyewe kufutwa.

Yaliyofuata ufalme ni mazito. Mwaka 1972 dola iliwaua Wahutu kwa maelfu mengi, hasa wasomi, na waliosalia wakakimbia, wengine hadi kwetu huku. Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wanafunzi Watutsi walichomwa moto Kibimba. Mnara wao wa ukumbusho umesimama kando ya barabara iendayo Gitega, hivyo aendaye Gishora hupita mbele yake, atake asitake.

Kusini zaidi, katika nchi ya Bururi, kuna Seminari Ndogo ya Buta. Alfajiri ya 30 Aprili 1997 waasi wenye silaha waliingia mabwenini, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Wakauawa 40, wakazikwa pamoja hapohapo, ambapo leo pana kanisa la hija. Msidhani ushujaa ule ulizuka saa ile ya risasi. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, tangu machafuko ya 1993 alikuwa amewazoeza kuzungumza waziwazi juu ya makabila yao na hofu zao, jambo ambalo watu wazima wengi wa nchi ile hawakuthubutu kulifanya hata mezani kwao.

Lakini si lazima kufika Buta ili kukuta makaburi. Gatumba, hatua chache baada ya mpaka, usiku wa 13 Agosti 2004 waliuawa wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliotoka huku kwetu. Kundi la FNL la Burundi lilikiri kuhusika. Na upande wa kusini wa mji wetu ni Makobola, ambako mwishoni mwa Desemba 1998 askari wa RCD waliwaua raia kwa mamia, na mwaka mpya ukaanza kwa kuzika.

Mara nyingi waendao kulia Gatumba si wale waendao kulia Makobola. Kila upande una tarehe yake na orodha yake ya majina, na kijana hukua akiijua moja tu. Uvira iko katikati ya sehemu hizo mbili, na kwa gari zote zafikika kwa siku moja. Kikundi kinachopanga kwenda Gishora na Buta kingefanya vema kuanza na hizo mbili, kikiwa na vijana wa pande zote ndani ya gari moja.