Chokoraa na kitanda chake cha kwanza

Katika kamusi za zamani, chokora ni kijana wa kutumwa jikoni. Nairobi ilimtoa jikoni ikampeleka jaani. Leo ukitamka chokoraa pale Kawangware au Kibera, kila mtu anamwona mtoto mwenye gunia begani na kichupa cha gundi mdomoni.

Miaka ya 1970 wenzake waliitwa "parking boys", kwa sababu waliwaonyesha wenye magari pa kuegesha mjini, wakatupiwa sarafu. Serikali iliwahesabu kuwa wazururaji. Sheria ya uzururaji, yenye mizizi katika ukoloni, ilidumu hadi 1997. Msako ukipita, mtoto alilala seli. Kosa lake lilikuwa kukosa kwao.

Makao ya watoto kama hawa yalianza kwa watu wachache wenye huruma. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianza kituo cha wavulana cha Starehe kwa vibanda viwili vya mabati. Mwaka 1973 padri Mholanzi, Arnold Grol, aliyewafuata watoto huko huko mitaani, akaanzisha shirika la Undugu Society. Kisha 1994 mwigizaji Anne Wanjugu akafungua Shangilia Mtoto wa Afrika mtaani Kangemi, jirani na Kawangware. Watoto walijifunza sarakasi na maigizo, wakapigiwa makofi katika mji uliozoea kuwafukuza. Nadhani makofi yale yalitibu kidonda ambacho uji peke yake haukifikii.

Ukimwi ulipoacha mayatima wengi, makao madogo yakachipuka vichochoroni. Mengine yaliendeshwa kwa moyo, mengine kwa ajili ya fedha za wafadhili. Novemba 2017 serikali ikasimamisha usajili wa makao mapya, na 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto pamoja na mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Naiunga mkono safari hiyo. Lakini mtoto wa Kibera hakukimbia nyumba kwa kupenda; alikimbia njaa au kipigo. Kumrudisha pale pale, kodi ya chumba haijalipwa na mama hana kazi, ni kumtuma tena jaani.

Usiku wa kwanza kwenye makao, mtoto wa namna hii mara nyingi huficha kipande cha ugali chini ya mto. Mlezi anayejua kazi yake hamkemei wala hakichukui. Hutandika kitanda taratibu, kesho yake na keshokutwa, hadi asubuhi atakayoinua mto akute shuka tupu.